Wimbo Usio na Namba

Alfajiri ya Pasaka mwaka huu, makaburini Mhezi, tarumbeta nne zililia na mahali pa ya tano pakabaki wazi. Eliufoo, anayeshika sauti ya kwanza na kuongoza kundi, aliwapa wenzake ishara kwa nyusi kama kawaida yake, wakaanza. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Watu walisimama kati ya misalaba ya saruji, mabega yamefunikwa kwa kanga na makoti, wakisubiri ile sauti ya chini kabisa inayoingia kwenye mstari wa pili, sauti ambayo mtu huisikia kwanza kwenye nyayo, kisha kifuani, na masikioni mwisho. Haikuingia. Wimbo ukaendelea kama nyumba iliyoezekwa vizuri bila msingi, na bibi mmoja akageuka kutazama pale ambapo Rogathe husimama, kana kwamba angemwona anapanda kilima akihema, amechelewa tu.

Eliufoo hakugeuka. Alijua dada yake yuko wapi. Wimbo ulipokwisha, alikung'uta mate kwenye tarumbeta, na watu wawili watatu wakamjia kumwambia kwamba bila besi Pasaka imekuwa nyepesi. Wengine wangeona ni lawama. Yeye aliona wanamsifia ndugu yake, akaitikia kila mmoja, "Ndiyo, hayupo," kwa sauti ya mtu anayeulizwa habari za mtoto aliyefaulu.

Rogathe alizaliwa Jumapili ya Rogate, ya tano baada ya Pasaka, na baba yao, mwalimu Eliakunda, hakuhangaika kutafuta jina. Alitazama kalenda ya kanisa ukutani, akamaliza. Mwalimu Eliakunda alifundisha hesabu shuleni na kupuliza besi kanisani, lile tarumbeta kubwa linalomkumbatia mpulizaji kama nyoka. Aliandika sauti zote nne kwa chaki ubaoni, do re mi, na watoto wake wawili walizisoma kabla hawajajua kusoma barua. Alipong'oka meno mawili ya mbele, midomo yake ikakosa pa kuegemea. Mwaka huo vijana wengi walikuwa wameteremka kutafuta kazi Same na kwingineko. Akamwita Rogathe, aliyekuwa na miaka kumi na sita, akamvika besi begani.

Wakati ule Eliufoo aliona aibu, na leo hafichi. Njiani kwenda kanisani alikuwa akitangulia hatua hamsini ili asionekane yuko pamoja na msichana aliyebeba tarumbeta. Wanawake kisimani walisema nani ataoa mashavu ya chura. Rogathe aliolewa, akazaa watoto watatu, akawa mjane, akalima maharage na viazi kwenye matuta ya kilima cha baba yake, na miaka yote hiyo hakuiacha besi hata mwezi mmoja, isipokuwa alipojifungua. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: wimbo wowote uimbwe, hata tangazo la sabuni redioni, yeye hafuati sauti ya juu kama wengine. Huchimbua ile ya chini. Kama haipo, huiweka mwenyewe.

Katika usharika wao kulikuwa na kanuni ambayo kila mpiga tarumbeta aliijua. Miaka kumi na moja nyuma, kijana mmoja wa sauti ya tatu, kwa mzaha, alipuliza vipande vya wimbo wa disko ibada ikiendelea. Baraza la wazee, chini ya mwenyekiti wake Mzee Clemence, likaamua kwamba kitakachopigwa kanisani kiwe kimetoka kitabuni na kina namba, na atakayeleta muziki wa dunia ataweka chombo chake chini. Kijana yule aliiweka tarumbeta yake mbele ya madhabahu, watu wakitazama. Eliufoo ndiye aliyetumwa kuipeleka stoo. Kijana hakuishika tena, na hakurudi kundini.

Muziki wa dunia ulimfikia Rogathe kwa kosa la mtu mwingine. Alikuwa ameteremka Same kuuza maharage, akapita kwa Abdulmajid, anayetengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Alimwambia anataka nyimbo za vyombo vitupu, zisizo na maneno, kwa sababu maneno humchanganya akiwa anapalilia. Alikuwa na maana ya tarumbeta za kanisa. Abdulmajid alikuwa na wateja watano mbele yake. Akaiuliza kompyuta yake muziki usio na maneno, akachukua kilichokuja, akajaza kadi.

Siku ya kwanza shambani Rogathe alidhani kadi imeharibika. Zilikuwa kelele za chuma kinachokatwa, ngoma zinazokimbia kama mvua ya mawe juu ya bati, na gitaa la umeme linalolia bila kuvuta pumzi. Wenyewe huko ng'ambo wanauita chuma kizito. Aliuacha uendelee kwa kuwa mikono yake ilikuwa na udongo na hakutaka kuchafua simu. Siku ya tatu, katikati ya tuta, jembe likasimama.

Aliporudi Same, Abdulmajid alimwona kwa mbali, akakumbuka alichofanya. Akaanza kuomba radhi kabla hajasalimiwa. "Mama, nilikuwekea vitu vya ajabu, nisamehe. Leta kadi nifute."

"Usifute," Rogathe akamwambia. "Ongeza."

Habari hii Eliufoo aliisikia baadaye, pamoja na mambo mengine, jioni dada yake alipokuja nyumbani kwake na kaunta buku kwapani. Kurasa kumi na mbili zilikuwa zimejaa do re mi za mwandiko wa baba yao, maana Rogathe aliurithi hata mwandiko. Alimpachika hedifoni masikioni bila maelezo. Eliufoo alivumilia kidogo, akazitoa, akasema hii ni fujo, na mtu wa umri wake atafute utulivu wa Mungu. Rogathe akazirudisha masikioni mwa kaka yake kama anayemvika mtoto kofia.

"Acha hilo gitaa la juu," alimwambia. "Huyo ni kijana anakimbia, mwache akimbie. Shuka chini. Besi inasema nini?"

Eliufoo akashuka. Ilimchukua muda, kama macho yanavyohitaji muda yakiingia jikoni kutoka juani. Kisha akaisikia. Chini ya zile kelele zote kulikuwa na mtu anayetembea bila haraka: la, sol, fa, mi. Anateremka ngazi moja, anakaa, anateremka nyingine. Na kila alipofika mi, gitaa la juu liligusa ile sol iliyopandishwa nusu, iitwayo se, ambayo baba yao alikuwa akiigonga ubaoni kwa kidole na kusema hapa moyo uko ukingoni, msiurudishe upesi. Halafu likarudi nyumbani, la. Wazo lilelile lilisemwa juu, likasemwa tena hatua moja chini, na tena hatua moja chini, kama mtu anayeshuka matuta akirudia neno moja kila tuta ili asilisahau. Katikati ya wimbo gitaa la pili likaingia na yale yale yaliyokwisha kusemwa na la kwanza, limechelewa kidogo, yakafuatana bila kukanyagana, kama watu wawili wanaojibizana ng'ambo hii na ile ya bonde. Eliufoo alizijua njia hizo. Alizipita utoto wake wote, katika zile nyimbo nzito za Wajerumani wa kale ambazo baba alizipenda kuliko chakula.

Alitoa hedifoni, akamtazama dada yake.

"Huyu amesoma shule moja na baba," Rogathe alisema.

Kuanzia hapo Eliufoo hawezi kusema hakuwa na hatia. Yeye ndiye aliyekubali. Rogathe alikuwa amemgawia kila mtu sehemu yake: mbio za gitaa akazipunguza, akazigawanya kati ya sauti ya kwanza na ya pili ili kila mmoja apate pa kuvuta pumzi, ngoma akaziacha, mwendo akaushusha hadi mwendo wa watu wanaopanda kilima wamebeba mizigo. Besi hakuigusa. Walifanya mazoezi wiki tano, na wale watatu wengine, wawili wao vijana waliokuwa wameanza kutega mazoezi, wakawa wanafika kabla ya Rogathe. Aliwaambia wimbo umetoka wapi. Wakacheka mpaka wakakaa chini, halafu wakaomba waurudie.

Walipanga kuupiga nje siku ya sikukuu ya mavuno, kabla ya ibada, watu wakiwa bado wanapandisha ndizi na magunia. Nje, Eliufoo alijiambia, si kanisani. Lakini mvua ilinyesha, kila kitu kikahamia ndani, na wakajikuta wamekaa mahali pao wakitazamana. Rogathe akanyanyua besi. Wakapiga.

Bibi wa kwanza alisimama walipofika ile ngazi ya tatu. Kisha benchi lake lote. Mhezi watu husimama kwa nyimbo za zamani, zile walizoimba wazazi wao. Ni desturi, hakuna aliyewahi kuiandika. Wakasimama kanisa zima, magunia yamewekwa chini, baadhi wakifumba macho, wachache wakijaribu kuungurumisha sauti ya chini bila maneno. Baada ya ibada Mzee Clemence alimshika Eliufoo mkono mlangoni, mkono wake mkavu wa mtu wa miaka themanini na mbili, akasema mbele ya watu, "Huu nilibatiziwa. Waliutoa kwenye kitabu kipya, wakakosea. Namba yake ya zamani ngapi?"

Eliufoo alisema ataangalia. Ndilo jibu la uongo alilolipata haraka, na liliwatosha watu miezi minne. Ukawa "ule wimbo wa zamani." Waliuomba kwenye harusi mbili na kwenye msaragambo wa kutengeneza barabara, pale watu wa kijiji wanapofanya kazi ya pamoja. Bibi mmoja alidai anakumbuka na maneno yake, ila ubeti wa pili tu. Rogathe hakuwa akicheka kama vijana. Kila ulipoombwa aliupiga, na kila alipomaliza alinyamaza njia nzima hadi nyumbani.

Halafu Beatha, mke wa Mzee Clemence, akafariki.

Siku moja kabla ya mazishi, saa nne asubuhi, turubai zilikuwa zimefungwa uani, makande yanachemka kwenye masufuria makubwa, na mjukuu wa marehemu ameshika karatasi ya ratiba itakayopelekwa Same kuchapishwa mchana huohuo. Mzee Clemence alitaka wimbo wa zamani upigwe kaburini, jeneza likishushwa. Ratiba ilihitaji namba. Eliufoo alimvuta dada yake nyuma ya banda la ng'ombe, akamwambia kuna njia: waseme umetoka katika kitabu cha Kijerumani ambacho hakipo tena, nani ataenda Ujerumani kuuliza. Alimkumbusha yule kijana wa sauti ya tatu. Alimkumbusha kwamba aliyeweka kanuni ile ndiye aliyekaa pale kwenye kiti cha mfiwa, na kwamba yeye Rogathe hana kitu kingine katika dunia hii anachokipenda kama besi, kwa hiyo asimame afikiri.

Rogathe alifikiri. Eliufoo aliona anafikiri, maana alikuwa anabonyeza hewa kwa vidole vitatu, kama anayepiga.

"Nimdanganye mtu na maiti yake iko ndani?" alisema mwishowe. Akatangulia. Safari hii ndiye aliyekuwa mbele, na Eliufoo nyuma, si hatua hamsini, hatua mbili.

Alipiga goti mbele ya kiti cha mzee. "Shikamoo, baba. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Namba umeleta?"

"Hauna namba, baba. Haumo kitabuni, na haujawahi kuwamo. Nimeutoa kwenye simu. Ni wa mpiga gitaa wa ng'ambo, muziki wa kelele. Mimi niliusikia una kitu ndani, nikakitoa. Kosa ni langu, si la kundi."

Mzee Clemence alinyosha mkono, na ilimchukua Rogathe muda kuelewa kwamba anaomba simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya albamu: fuvu la mtu limezungukwa na moto. Mzee akaitazama kwa muda mrefu.

"Fuvu hili la nini?"

"Sijui, baba. Mimi sisikilizi picha."

Akapachikwa hedifoni. Eliufoo alisimama akiutazama uso wa mzee kama mkulima anavyotazama wingu. Kwanza uso ulikunjamana, na kichwa kikarudi nyuma, na Eliufoo akajua imekwisha, besi inakwenda stoo na yeye ndiye atakayeibeba. Kisha akaona mkono. Ulikuwa juu ya goti, na kidole cha shahada kilikuwa kinapiga taratibu, taratibu zaidi kuliko mbio zile alizokuwa akizisikia. Kinashuka, kinakaa, kinashuka. Mzee Clemence, kabla sauti haijamkauka, alisimama miaka thelathini bega kwa bega na mwalimu Eliakunda, akiimba besi. Alikuwa ameshuka chini mwenyewe, bila kuambiwa.

Wimbo ulikwisha. Aliomba urudishwe mwanzo. Ulipokwisha mara ya pili alizitoa hedifoni, akafuta macho kwa upande wa koti, na hakuna aliyejua anamlilia nani.

"Siku ya mavuno nilisema nilibatiziwa wimbo huu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nilibatizwa nina wiki mbili. Ningekumbuka nini?"

Mwanamke mmoja kwenye masufuria aligeuka ukutani, mabega yakimtetemeka.

"Watu walisimama," mzee akaendelea, kwa sauti ndogo sasa. "Nikaona nitaulizwa, na mzee wa kanisa hajui. Basi nikajua." Akamrudishia Rogathe simu. Kisha akamgeukia mjukuu mwenye ratiba. "Pale pa namba, weka kistari."

Kesho yake kaburini, kabla jeneza halijashushwa, Mzee Clemence alisimama kwa msaada wa wanawe, akawaambia watu ukweli wote, mfupi, bila kupamba. Wimbo ni wa gitaa la umeme, wa mtu asiyemjua. Aliyeuleta ni Rogathe wa Eliakunda. "Kanuni niliiweka mimi," alisema, "na leo naivunja mimi, kwa mke wangu. Mwenye shauri aniletee mimi." Wazee wawili walivaa kofia zao wakaondoka hapo hapo, na mmoja hakumsalimu Eliufoo msimu mzima wa maharage. Waliobaki walisikia besi ikiingia chini ya zile tarumbeta nne, wakasimama sawa. Wote walikuwa wamekwisha kusimama, lakini Eliufoo anaapa kwamba aliona watu wakisimama.

Baraza lilikaa vikao viwili. Katika cha kwanza walizozana kuhusu fuvu. Katika cha pili waliamua kwamba Rogathe ataendelea na besi, na kanuni itabadilishwa: chochote kitakachopigwa na tarumbeta, chenye namba au kisicho nayo, kiandikwe kwa do re mi na kisomwe na wazee kwanza. Ikagundulika kwamba kati ya wazee tisa ni wawili tu wanaoweza kuisoma. Saba wakalazimika kumwomba Rogathe awafundishe. Aliwafundisha Alhamisi jioni, kwa chaki, na aliyekosea alirudia mbele ya wenzake.

Eliufoo huwasimulia wageni habari hiyo mara nyingi kuliko inavyopasa. Husema pia, asipoulizwa, kwamba yeye mwenyewe sasa husikiliza chuma kizito akikata majani ya ng'ombe, na kwamba wapo wapiga gitaa hodari na wapo wapiga makelele, na mtu akitaka kuwatenganisha atazame kama chini kuna anayetembea. Anao anaowapenda. Ana mmoja ambaye, kwa maoni yake, anaharakisha se.

Kwenye mazishi ya Beatha alikuwapo mgeni kutoka usharika mmoja wa Same mjini. Alikuja tena mwezi wa kumi na moja, na barua. Walikuwa na tarumbeta tisa zinazoshika vumbi na vijana wasio na mwalimu. Rogathe aliisoma barua mara mbili, akasema ana maharage shambani. Akasema ana besi ya baba, na haiwezi kukaa mahali pawili. Ilikuwa ni zamu ya Eliufoo kuongea, na alizungumza naye muda mrefu kuliko walivyowahi kuzungumza tangu baba yao azikwe. Mengi yake yalikuwa juu ya shamba na nani atalilima. La mwisho lilikuwa hili: kwamba Mhezi wameisikia besi yake miaka thelathini na sita, na Same hawajaisikia. Mwezi wa kwanza, gari lilipokuja, ndiye aliyebeba besi kutoka nyumbani hadi barabarani, begani, katikati ya kijiji, mchana kweupe, na hakumtanguliza mtu wala kutangulia. Walitembea sambamba.

Rogathe sasa anaishi Same mjini, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Kila Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni, anafundisha watu kumi na wanne kupiga tarumbeta, sita kati yao wanawake.